Tabo ya Ratili Sabini

Jumatatu, 9 Juni 2025
Leo Fidelia kanipita tena mlimani, Fuso lake na langu, wote tumebeba viazi. Kachungulia dirishani kunisalimia, eti kamwene dada, nikusalimie nani Makambako? Mshenzi! Na mnunuzi Davis katangaza: lori litakalomfikia kwanza Ijumaa ndilo litabeba viazi vyake msimu mzima. Fundi Romanus anasema tabo yangu imekufa. Ndicho kidude kinachosukuma hewa kwenye injini. Haya, tununue.

Jumanne, 10 Juni
Dukani. Muuzaji katoa karatasi ya tabo tatu, kila moja na ratili za hewa inazopitisha kwa dakika. Arobaini, hamsini na mbili, sabini. Romanus kanyooshea kidole arobaini! Mimi nimeishia la tatu, lakini sabini naijua. Miaka thelathini nafunga magunia ya lumbesa, sijaona mnunuzi akikataa gunia kwa kuwa limezidi. Romanus akaeleza kwamba sabini ni mpaka tabo izunguke kwa kasi ya juu kabisa, na injini yangu haina nguvu ya kuizungusha hivyo. Nikamwambia hata yeye hana akili ya kutosha na bado tunamlisha. Nimechukua sabini.

Jumatano, 11 Juni
Haiingii. Romanus kakata mabomba, kaunga mabomba, kanuna. Tabo kubwa kama kichwa cha ndama! Nimeita majirani waione.

Ijumaa, 13 Juni
Tumetoka Uwemba alfajiri, mkwe wangu Sadock kwenye usukani. Tambarare, linapaa! Mlima wa kwanza, moshi mweusi tu. Nguvu hakuna. Sadock kasema kwa adabu, mama, hewa inakuja tukishafika juu. Nikamwambia akanyage, asihubiri. Mama mwenye ndoo ya maparachichi kichwani akatupita. Kwa miguu! Akatupa pole.
Makambako, Fidelia keshashusha mzigo, anakunywa chai na Davis. Msimu wote kapewa yeye. Akanivutia kiti. Nimekunywa vikombe vitatu, kumkomoa.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa Romanus kaninong'oneza kuwa tabo ya Fidelia ni ya arobaini. Basi nimeelewa. Tabo yangu haina kosa lolote, milima ndiyo mibaya. Na leo nimegundua matairi nayo yana namba ubavuni. Kesho asubuhi niko dukani. Nataka yenye namba kubwa kuliko zote, na Romanus abaki nyumbani.