Programu Yangu Ilifunga Mbele ya Kusoma

Leo nimepata haya, bandugu. Tena na veste mwilini, koti ya kuazima.

Munajua naandikaka programu za vituo vya afya ku biro moja, ofisi ya hapa Goma. Kolega yangu, Mama Kavira, kila pahali programu inapoenda kutafuta majina ya wagonjwa, anaandika vile vile: fungua rejista, soma, funga. Mara makumi ine! Nikamucheka mbele ya wote. (Kinywa changu hiki!)

"Mama, hiyo ni kazi ya jembe," nikasema. "Mimi natengeneza kipande kimoja tu. Kinafungua chenyewe, kinafunga chenyewe."

Nikakiandika kwa Python, luga ya programu ninayozoea. Kikatembea muzuri sana! Muzee directeur, mukubwa wa biro, akaniambia: demo ya leo ya kuonyesha wateja programu ikipita, mimi njo shefu wa ekipi, kiongozi wa kundi letu. Nikaenda kwa shemeji kuomba veste.

Sasa, ekra zenyewe, zile kurasa mutu anaona ku kompyuta, zimeandikwa kwa luga ingine, JavaScript. Nikahamisha kipande changu mustari kwa mustari, nikafuta zile makumi ine zote za Mama Kavira.

"Jaribu kwanza," Mama Kavira akasema.

"Mama, kilishatembea!" (Kwa Python. Si nimesema kinywa?)

Saa ine masere, mutawa anayeongoza kituo kimoja cha afya cha Katoyi, akaingia kuona demo. Nikabonyeza. Ekra ikaandika: REJISTA IMEFUNGWA. Nikabonyeza tena. Imefungwa.

"Mutoto yangu, wagonjwa wangu wako wapi?"

"Wako ndani, masere."

"Na mbona umewafungia?"

Wote kicheko. Mama Kavira akainama, akaangalia kidogo. "Kwa Python ilikuwa inamaliza kusoma, ndipo inafunga. JavaScript, kama haukuiandikia neno la kungoja, haingoji. Imefunga mbele ya kusoma, hata jina moja halijasomwa."

Neno moja tu la kungoja! Nililisahau. Nikanyoosha mukono niliandike, muzee akanizuia. Mama Kavira akarudisha makumi ine yake (kumbe alibakisha kopi, mama huyu!), na majina yakatoka yote.

Muzee hata hakuniangalia. "Mama Kavira, kuanzia kesho shefu ni wewe." Masere akapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ningefanya nini?

Inaniuma. Wazo lilikuwa muzuri, lakini sasa hakuna mutu atalikubali ku biro yetu. Na shefu mupya amenipa kazi ya kesho: fungua, soma, funga, ku ekra zote zinazobaki, kwa mukono wangu.

Najua munataka kucheka. Mungoje basi, nimalize kwanza kulia.