Sherehe ya Kumstaafisha Joki wa Alby

Asubuhi ya Jumanne moja ya Oktoba, mwaka 2009, Clovis alipanda treni ya laini nyekundu pale Alby, kusini mwa Stockholm, bila tiketi na bila aibu, akaokota gazeti la bure lililoachwa kitini, na kabla hajafika Liljeholmen alikuwa ameshapata kazi. Kazi ya kujitungia, maana ya kuajiriwa aliiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano.

Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya Mzungu mmoja mfupi, kofia mkononi, machozi mashavuni. Torvald Brännlid, joki, miaka hamsini na nne, anastaafu mbio za farasi. Ukurasa wa nne: je, anastaafu kweli? Maana alishastaafu mara mbili na kurudi. Ukurasa wa tano, profesa anasema aende zake. Wa sita, daktari wa mifugo anasema farasi watahuzunika. Wa saba, wasomaji wanatukanana kwa adabu. Jioni ile televisheni ikaketisha watu wanne mezani, wakabishana saa nzima kana kwamba aliyekuwa anaondoka ni waziri mkuu. Nchi ikiwa na amani kupita kiasi, jamani, watu lazima watafute cha kulilia.

"Mtu akiacha kazi Uswidi hii anapewa keki na maua," Clovis alijisemea. "Joki akiacha, analiliwa na taifa zima. Bon. Sisi Waswahili tunakosa nini?"

Walikosa joki tu. Hilo kwa Clovis lilikuwa jambo dogo.

Hapa haki itendeke, tuseme kilichokuwa kinamkosesha usingizi. Kilikuwa na jina: Xavérine wa Farsta, mjane wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Uvira kule Kongo, mpishi wa harusi, ubatizo na matanga ya Waswahili wote wa Stockholm. Mkono wake ukigusa sombe, yaani kisamvu cha Kikongo, hata Mtanzania asiyeijua anaomba aongezwe. Clovis alishamposa mara mbili. Mara ya pili Xavérine alimjibu akiwa amekaa kituoni katikati ya masufuria yake matano, anajikanda bega.

"Maneno yako nayapenda, Clovis. Kabisa. Lakini maneno hayabebi sufuria. Mimi nimechoka kupanda treni na wali wa watu mia mapajani. Mwanaume atakayekuja na gari, huyo nitamsikiliza. Krismasi ikipita, mlango nimefunga."

Na Clovis hakuwa na gari. Hakuwa hata na baiskeli.

Joki alimpata Jordbro, kwenye ghala la karatasi za chooni. Anaitwa Sixte, mtu wa mji wa Baraka kule Kongo, miaka arobaini na mitatu, mfupi, mwembamba, mpole, anaendesha forklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, na haongei. Ukimwambia njoo, anasema sawa. Ukimwambia ondoka, anasema sawa. Farasi alishawaona mara moja, kwa mbali, wakiwa wamebeba polisi, akavuka barabara.

"Kazi yako ni kustaafu tu," Clovis alimweleza. "Umepanda farasi Ufaransa miaka ishirini, sasa umechoka. Wakikuuliza lolote una majibu matatu: mwili umechoka, farasi nitawakumbuka, namshukuru Mungu. Kwisha."

"Na mimi napata nini, yaya?" Sixte aliuliza; kwao yaya ni kaka mkubwa.

"Viatu vya baridi. Jozi nzima! Vyenye manyoya ndani."

Sixte alivitazama viatu vyake, vilivyokuwa vinapumua kwenye vidole. "Sawa," akasema.

Na mtu wa kuliwa mali alikuwepo tayari. Papa Alphonse wa Alby alikuwa na kampuni ya usafi, watu kumi na wanane chini yake, na magari mawili: Mercedes ya kuonekana nayo na Volvo nyeupe ndefu, ile yenye mgongo wa kumeza mizigo. Kila Jumamosi alicheza tiketi ya kamari ya farasi. Kila Jumapili alikwenda kanisani kuomba msamaha, na papo hapo akaomba namba za Jumamosi ijayo.

Clovis alimpelekea Sixte nyumbani, akamketisha kwenye kochi, miguu haigusi zulia.

"Papa, nakupa siri ambayo sijampa mtu. Joki akiwa kazini, kanuni inamkataza kucheza kamari wala kumnong'oneza mtu farasi yupi amekaa vizuri. Miaka ishirini anameza tu! Siku anapostaafu, mdomo unafunguka. Na atamnong'oneza nani? Waliomtuza kwenye sherehe yake. Zawadi ndogo, mnong'ono mfupi. Zawadi kubwa..."

"Mnong'ono mrefu," Papa Alphonse alimalizia, mate yakimjaa mdomoni. Halafu akakunja uso, maana tajiri hawi tajiri kwa kuamini mara moja. "Mbona mimi naangalia farasi kila wiki na huyu sijamwona kwenye televisheni?"

"Papa, wewe ulishaona uso wa joki gani? Ana kofia, ana miwani, ana matope. Watu wanaangalia farasi! Ndiyo maana ndugu zetu wanafanya maajabu humo na hatujui."

Papa Alphonse alifikiri. Kisha akaingia bafuni, akarudi na mizani ya mkewe, akaiweka chini mbele ya mgeni. Sixte akapanda. Kilo arobaini na tisa, na viatu.

"Mungu wangu," Papa Alphonse alisema kwa heshima kubwa. "Ni joki huyu. Mtu mzima hawezi kuwa na kilo hizi bila sababu ya kikazi."

Wakakubaliana palepale: atatuza Volvo. Clovis akasisitiza jambo moja dogo la kiofisi. Karatasi ya gari iwe imesainiwa kabisa, ila nafasi ya mwenye gari mpya iachwe wazi, kwa kuwa joki ana majina marefu ya Kifaransa na ataandika mwenyewe. Mpango ulikuwa kwamba baada ya sherehe karatasi ipite jikoni, itoke ikiwa na jina la Clovis. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, keshamwona Xavérine kiti cha mbele.

Sasa ikabidi kelele zipigwe. Lameck, Mtanzania wa Mbeya aliyekuja zamani kusomea misitu akaishia kuendesha basi, alikuwa na kipindi cha Kiswahili kila Jumapili kwenye redio ndogo ya mtaani. Kwa kawaida alisoma matangazo ya misiba na hali ya hewa. Clovis alipomletea joki, nusura amkumbatie.

"Wasikilizaji wapendwa," Lameck alinguruma, "Waswidi wana Torvald wao. Sisi tunaye Sixte! Ndugu Sixte, tuambie, kwa nini unastaafu ukiwa bado kijana?"

"Mwili umechoka."

"Na hao farasi uliowaacha?"

"Nitawakumbuka."

"Lo! Maneno machache, uchungu tele. Simu ziko wazi: Sixte astaafu au asistaafu?"

Simu zikalipuka. Mama mmoja wa Jordbro alilia hewani kwamba watoto wake wanamjibu Kiswidi, na leo ndipo amepata mfano wa kuwaonyesha. Mzee Januari wa Farsta akasema mtu aondoke akiwa bado anatakiwa, asingoje kufukuzwa kama nzi. Mwingine akapiga kumjibu Mzee Januari, wa tatu akapiga kumjibu wa pili. Jumapili iliyofuata kipindi kiliongezwa nusu saa. Saluni zikagawanyika. Kanisani wakaombewa wote wawili, Sixte na farasi. Kule ghalani, wafanyakazi wenzake wa Burundi wakaanza kumbebea Sixte maboksi ili asiumie kabla ya siku yake.

"Yaya Clovis," Sixte alisema wiki ya tatu, "watu wananiomba nisiache."

"Waache waombe. Wakilia sana zawadi zinanenepa."

"Jana bibi mmoja alinishika mikono kwenye treni. Alisema, mwanangu, usituache." Sixte akaitazama mikono yake. "Mimi katika nchi hii hakuna mtu alishaniomba nisiende."

"Sixte, wewe una majibu matatu. Usiniletee la nne."

"Sawa," Sixte alisema, lakini ile sawa ilitoka polepole, na Clovis, aliyekuwa anahesabu viti vya Volvo kichwani, hakuisikia vizuri.

Sherehe ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, saa saba mchana, kwenye ukumbi wa Alby. Kamati ilishaundwa, na kamati ya Waswahili ikishaundwa hata mvua ya mawe haiizuii. Kulikuwa na mwenyekiti, katibu, sare za kitenge na keki yenye umbo la farasi, ingawa mwokaji alimtia masikio ya sungura. Xavérine alileta masufuria sita kwa treni, safari mbili, na hakuwa anacheka na mtu.

Kwetu zawadi haikabidhiwi kama kifurushi cha posta. Inachezewa. Mtoaji anaanzia mlangoni, anakuja akiyumba na muziki, akina mama wanapiga vigelegele, mpaka anaifikisha mbele ya mtuzwa. Na kilichokwisha kuchezewa hakirudi. Anayekidai atamwangalia nani usoni tena mjini hapa?

Yakaja mablanketi yakicheza. Ikaja saa ya ukutani, zikaja chupa za chai, ikaja mashine ya kukaangia. Mwisho Papa Alphonse mwenyewe, tumbo likitangulia, funguo mkono wa kulia, karatasi mkono wa kushoto, akacheza ukumbi mzima mara mbili ili kusiwe na atakayesema hakuona. Vigelegele vikatikisa taa. Clovis alifumba macho kwa raha.

"Sasa," Lameck akasema, akimkabidhi Sixte maiki, "tamka mwenyewe, ndugu yetu. Rasmi."

Sixte alisimama juu ya kiti ili aonekane. Aliangalia watu, aliangalia karatasi. "Naomba kwanza kalamu," akasema. Lameck akampa ya kwake. Sixte akaandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi, akapuliza wino, akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa ndani. Clovis alifumbua macho.

"Nilikuja hapa kustaafu," Sixte alisema. "Lakini nimesikiliza redio wiki sita. Nyinyi mmesema nisiwaache. Basi mimi nani nikatae? Sistaafu."

Ukumbi ulipasuka. Mama wa Jordbro alimwinua Sixte juu kama mtoto wa ubatizo. Lameck alipiga magoti. Mzee Januari peke yake alitikisa kichwa, kisha akaenda kujiongezea wali.

Papa Alphonse alipenya mpaka mbele, jasho linamtoka. "Mwanangu, vizuri, vizuri sana. Na ule mnong'ono?"

"Papa, kanuni unaijua wewe kuliko mimi. Joki aliye kazini hanong'onezi."

"Lakini Volvo..."

Akina mama waligeuka wote kwa pamoja kumtazama. Papa Alphonse aliwahi kukaguliwa na watu wa kodi, lakini macho yale hakuwahi kuyaona. Akatoa leso. "Nasema Volvo inahitaji matairi ya baridi," akasema. "Nitakuletea."

Clovis alimvuta Sixte hadi jikoni, akamsukuma ukutani katikati ya masufuria. "Lete karatasi! Wewe si joki! Wewe ni mtu wa karatasi za chooni!"

"Toka ukaseme hivyo, yaya. Lameck atakupa maiki." Sixte hakuwa amepandisha sauti. "Waambie ni nani aliyenileta."

Clovis alifungua mdomo. Ule mdomo uliomlisha miaka tisa Uswidi, uliowahi kumshawishi mkaguzi wa tiketi amwombe yeye radhi, ulibaki wazi bila kutoa kitu. Ilimuuma, tusifiche. Ilimuuma hasa kwa sababu nyuma ya Sixte alisimama Xavérine na mwiko mkononi, na alikuwa amesikia kila neno.

"Kumbe si joki," Xavérine alisema.

"Hapana, mama," Sixte akajibu. "Hata punda sijapanda."

"Gari ni lako?"

"Limeandikwa jina langu."

"Na leseni?"

"Ninayo. Ya gari na ya forklifti. Mizigo ndiyo kazi yangu."

Xavérine alimpima kwa macho toka kwenye upara hadi kwenye vile viatu vinavyopumua. Kisha akamgeukia Clovis. "Na wewe, hiyo Volvo ungeiendesha na leseni gani?"

Clovis alikohoa. Hapo ndipo alipokumbuka kuwa hajawahi kujifunza kuendesha gari.

Xavérine alicheka mpaka akashika meza. Halafu akafunga kanga kiunoni akaanza kupanga masufuria mgongoni mwa Volvo, moja baada ya jingine, Sixte akiyapokea na kuyakaza kwa mablanketi ya zawadi kama mtu anayejua kazi. Yalipoingia matano, nafasi ikaisha.

"Gari limejaa, Clovis," Xavérine alisema, akimtwika la sita. "Hili la sombe niletee Farsta. Panda treni. Na ulishike wima, lina mchuzi."

Alikaa kiti cha mbele. Volvo ikaondoka polepole, ikipiga honi, watu wakiifuata wakipunga vitenge.

Clovis alikuwa anangoja treni, sufuria mikononi, mchuzi wa moto unamchuruzika kwenye suti yake ya pekee, aliposikia mtu anahema nyuma yake. Alikuwa Papa Alphonse.

"Clovis, ndugu yangu, niambie kwa siri. Wewe ndiye unayemjua. Atastaafu lini hasa? Maana nina ile Mercedes pia."

Mwaka mwingine wowote, mjini kwingine kokote, Clovis angeweka sufuria chini na kuanza upya. Lakini bega lilikuwa linamuuma, na roho pia.

"Papa Alphonse, nakuapia. Yule hatastaafu milele. Hiyo kazi hajawahi kuianza. Nilikudanganya mimi, tangu siku ya kwanza."

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu atue uwanja wa ndege wa Arlanda. Papa Alphonse alimtazama kwa huruma, kisha akacheka kwa dharau na kumtikisia kidole.

"Clovis, Clovis! Unataka ule mnong'ono uje kwako peke yako? Mwenzako nimempima kwenye mizani," akasema, akageuka kwenda kutafuta matairi ya baridi.