Hotuba ya Mafanikio ya Kabichi ya Mama Mkwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Mboga za Majani na Mambo Yanayofanana na Hayo. Mheshimiwa Naibu wa Mgeni Rasmi, uliyekuja endapo Mgeni Rasmi atachoka. Mwakilishi wa Naibu, ambaye kiti chako bado kinatafutwa na ninakupongeza kwa kusimama kwa nidhamu. Wajumbe wa Kamati ya Uendeshaji. Wajumbe wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Uendeshaji. Mama mkwe wangu mpendwa, mama aliyemzaa mke wangu na mwasisi wa mbegu yetu, uliyeketi hapo mstari wa mbele na kikapu kitupu mapajani. Mke wangu, ninayekuona dirishani jikoni ingawa ratiba inaonyesha uko hapa nje. Shemeji zangu wote kwa vyeo vyenu, ambavyo niliwapa mimi mwenyewe. Majirani mlioalikwa, na majirani msioalikwa mnaochungulia juu ya ukuta. Mabibi na mabwana. Kama kuna mtu sijamtaja, basi ajihesabu ametajwa mara mbili. (Makofi. Mwakilishi wa Naibu anaegemea pipa la maji.)

Nichukue fursa hii, ambayo ni adhimu na vilevile adimu, kuwakaribisha hapa nyuma ya jiko langu, mahali ambapo ndipo yalipo Makao Makuu ya Mradi wa Kabichi ya Urithi Majumbani, kwa kifupi MRAKAUMA, mradi ambao mimi ni mwasisi wake, mwenyekiti wake, mratibu wake, na pia, kwa unyenyekevu mkubwa, mjumbe anayewakilisha wananchi wa kawaida. (Makofi kutoka upande wa mashemeji.)

Ndugu zangu, kila jambo kubwa lina chimbuko lake. Siku tulipohamia nyumba hii, mama mkwe alikuja na kopo la maziwa lililofungwa kwa kitambaa, akaniambia, nanukuu: "Baba, hizi ni mbegu za kabichi za marehemu mama yangu. Mimi magoti yamegoma, kuinama siwezi tena. Pandeni hapo nyuma ya jikoni, mle na watoto, halafu mbili tatu nzuri mziache zitoe maua, mniletee mbegu." Mwisho wa kunukuu. Sasa hapo ndipo mnapomtofautisha kiongozi na mtu wa hivi hivi. Mtu wa hivi hivi angechukua jembe. Mimi nilikaa chini, nikalitazama lile kopo kwa jicho la kimkakati, nikaona pengo kubwa la kitaasisi. (Kelele za "Sema, baba, sema!" Ni dereva wa mradi, mdogo wake mke wa mzungumzaji.)

Niseme ukweli bila kupepesa macho: kabichi ile ilikuwa imepandwa kwa vizazi bila dira, bila dhamira, bila sekretarieti, wala mfumo wowote wa ufuatiliaji na tathmini. Mama wa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiichuma kabichi asubuhi na kuipika mchana bila kumwandikia mtu yeyote ripoti. Watu walikula wakashiba, lakini hakuna aliyejua walishiba kwa asilimia ngapi. (Mgeni Rasmi anatikisa kichwa kwa masikitiko.)

Kwa muktadha huo, tulianza na upembuzi yakinifu. Wataalamu watano, wakiongozwa na binamu yangu ambaye ana uzoefu mkubwa wa kuuza magodoro, walikaa hotelini wiki nzima wakijadili hoja mtambuka, ikiwamo ile iliyowakosesha wengi usingizi, kwamba kabichi ina jani la kwanza au ina jani la mwisho, na je, unapofika katikati, umefika mwanzo? Taarifa yao ipo. Ina jalada gumu. Katika ukurasa wake wa kwanza imebainisha kwamba eneo hili lilikuwa na changamoto kubwa ya udongo. Udongo ulikuwa kila mahali, ndugu zangu! Mgeni akija na viatu vyake vya ngozi, anaikaguaje bustani? Ndipo tukachukua uamuzi wa kijasiri wa kumwaga zege eneo lote, kuanzia mlango wa jikoni mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo, ili bustani iweze kufikika wakati wote, masika na kiangazi. Ndilo hili mnalolikanyaga. (Watu wanatazama miguu yao. Mama mkwe ananyoosha mkono.)

Mama, maswali yatakuwa mwishoni. Lakini kwa kuwa wewe ni mama, basi. (Mama mkwe: "Baba, mimi nauliza tu, kabichi ziko wapi?") Swali zuri. Swali zuri sana, mama, na ninafarijika kuona wadau wa ngazi ya chini wanafuatilia. Kabichi ziko kwenye mchakato.

Nikiendelea kwenye takwimu, maana mimi si mtu wa porojo: katika kipindi hiki cha misimu mitatu, matarajio ya mavuno yamepanda kwa asilimia mia nne na nusu. Uelewa wa kabichi miongoni mwa wanafamilia umetoka asilimia tisa hadi asilimia mia moja na mbili. Magonjwa ya kabichi, ambayo yanawaliza wakulima wenzetu, hapa kwetu ni sifuri. Viwavi, sifuri. Ukungu, sifuri. Wizi wa kabichi, sifuri! Nani mwingine katika mtaa huu anaweza kusimama hadharani na kutamka sifuri nyingi kiasi hiki? (Makofi mazito. Jirani mmoja ukutani: "Hata mimi!" Anaombwa ashuke.)

Kwa upande wa rasilimali watu, tumeajiri mhasibu, msaidizi wa mhasibu, mtunza stoo, na mlinzi wa stoo. Stoo yenyewe tunaisubiri. Chumba cha wanangu tumekigeuza kuwa ofisi ya sekretarieti, na watoto wamehamia sebuleni, ambako wanalala kwa moyo wa kizalendo, mmoja kwenye kochi na mwingine chini ya meza. Nawapongeza. Mke wangu naye ametoa mchango usiopimika kwa kukubali kupikia uani wakati jiko likitumika kwa semina, na kama mnaona leo ameninunia, ule ni uchovu wa mafanikio. (Dirisha la jikoni linafungwa kwa kishindo.)

Naona mama amesimama tena. Mletee kipaza sauti. Hapana, usimletee. Haya, sawa, keshakichukua. (Mama mkwe: "Baba, nisikilize vizuri. Kule kwangu mbegu hazipo tena. Nilibakiza kidogo, nikazimwaga kwenye kitalu, kuku wakaingia wakafukua zote. Nimezunguka kwa dada zangu, kwa mashoga zangu, hakuna mwenye nazo. Kabichi ya mama yangu imebaki kwenye lile kopo tu. Sikutaka kula kabichi yako. Nataka kijiko kimoja cha mbegu nirudi nacho. Kopo liko wapi?")

Mama. Umenigusa. Mpaka nimemeza mate hapa, na si kawaida yangu kumeza mate nikiwa na kipaza sauti. Naomba nikuondolee wasiwasi mbele ya umati huu na mbele ya Mgeni Rasmi, ambaye naamini amefumba macho kwa ajili ya kutafakari: mbegu zako ziko salama kuliko wakati mwingine wowote katika historia ya kabichi. Kuku hawazigusi. Panya hawazigusi. Mvua haizigusi. Hazijapungua hata punje. Na maombi yako ya kijiko kimoja nimeyapokea, yatapelekwa kamatini, yakirudi tutaunda timu ndogo ya kuangalia ukubwa wa kijiko. (Makofi hafifu. Mama mkwe hajakaa.)

Tukitazama mbele, MRAKAUMA inakwenda kuwa mradi wa kielelezo. Ninaahidi, na muandike, kwamba ndani ya miaka mitano kila nyumba itakuwa na kabichi, kila kabichi itakuwa na namba, na kila namba itakuwa na afisa wake. Tutajenga kituo cha mafunzo. Tutakwenda ziara ng'ambo kujionea wenzetu wanavyoitazama kabichi. Tutaweka taa. Kuna watu watauliza, taa za nini? Hao ndio wanaoturudisha nyuma. (Kelele za "Waambie!")

Baada ya kusema hayo machache, nimwombe Mgeni Rasmi aamshwe, asogee hapa ukutani na avute shuka hili, ili sote kwa pamoja tushuhudie tunda la jasho letu. (Mgeni Rasmi anavuta. Shuka linaanguka pamoja na kamba ya nguo. Linaonekana bango kubwa la mbao, refu kama kitanda, lenye herufi nyeusi zinazong'aa: jina la mradi, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, jina na vyeo vyote vya mzungumzaji. Vigelegele kutoka kwa mashemeji.)

Kabichi! (Ya urithi!) Kabichi! (Ya urithi!) Jani kwa jani! (Tunasonga!) Sijasikia, nyie wa ukutani, jani kwa jani! (Tunasonga!)

Sasa niingie kwenye shukrani, na hapa sitaki kumwacha mtu. Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kutupandisha hadhi leo. Namshukuru aliyetuazima viti, ukiacha kile kimoja. Namshukuru fundi wa zege. Lakini shukrani za pekee, kutoka sakafu ya moyo, zimwendee fundi wa mabango, simama kaka wakuone, ambaye nilimwambia sitaki herufi za rangi kama za duka la soda, nataka herufi zenye uhalisia, zenye kabichi ndani yake. Naye bila kuchoka alikaa pale kizingitini, akapaka gundi, akapanga punje moja moja kwa ncha ya kijiti, kisha akapiga vanishi mara tatu. Kopo zima, mabibi na mabwana! Lilitosha hadi nukta ya mwisho. Mpaka kopo lenyewe tunalitumia kuwekea kalamu za ofisi. (Fundi wa mabango anasimama, anaangalia upande wa mama mkwe, anakaa.)

(Mama mkwe anapita katikati ya meza kuu. Anafika ukutani, anaweka viganja vyake juu ya bango, anapapasa herufi moja baada ya nyingine, taratibu, mpaka mwisho wa mstari. "Mama yangu," anasema. Hasemi kwenye kipaza sauti, lakini watu wote wamesikia. Mlango wa jikoni unafunguka. Mke wa mzungumzaji anatoka na nyundo.)

Mke wangu, ratiba haina nyundo. Jamani, hilo ni mali ya mradi. Shemeji, wewe ni dereva, wazuie. (Dereva anashika upande wa pili wa bango na kumsaidia dada yake. Misumari inatoka. Majirani wanaruka ukuta kuja kubeba. Mama mkwe: "Naenda kulifukia lote kama lilivyo, nilimwagie maji. Itakayoota, itaota. Hata ikiwa moja." Analia, wala hajifichi.)

Mabibi na mabwana, tulieni, msiondoke na viti. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usimsaidie kubeba, utachafuka. Naona keshashika. Haya basi. Mimi ni kiongozi ninayesoma alama za nyakati, na kwa mamlaka niliyojipa natamka kwamba mnachokiona si uharibifu, ni awamu ya pili. Nina furaha isiyo kifani kuwatangazia kuwa leo hii, kwa mara ya kwanza tangu mradi huu uanzishwe, kuna kitu chetu kinakwenda kuingia ardhini. (Hakuna makofi. Uani wamebaki mzungumzaji na mwakilishi wa Naibu, ambaye sasa ana viti vyote vya kuchagua.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Asanteni hata mlioko barabarani. Mama! Mama mkwe! Nakuomba jambo moja tu, kwa heshima zote: mkilifukia, jina langu liangalie juu!