Dango Laini kama Sikio

Jumapili, 5 Machi 2017
Mpishi Mori katangaza: anatafutwa mtu mmoja wa meza ya dango. Ni vidonge vya unga wa mchele vya Kijapani, vinachemshwa na kuchomekwa kwenye kijiti. Vingine hupakwa sosi ya soya na sukari, vingine huwa vya pinki, vyeupe na kijani. Mtihani Alhamisi. Miaka mitatu naosha masufuria katika mgahawa huu wa The Pearl, huku ughaibuni, mikono imekunjamana kama ya bibi. Mpinzani ni mmoja, Nyaboke wa kukata mboga. Mama yangu kauza vitumbua Tanga nzima. Nyaboke namhurumia.

Jumatatu, 6 Machi
Mori kasema donge liwe laini kama ndewe ya sikio, pale panapovaliwa hereni. Sikio la nani, hakusema. Nikamwomba Nyaboke niguse lake, kikazi tu. Kanipiga kwa mwiko. Halafu kanishauri nitumie unga wa mchele unaonata, eti wa kawaida hautashikana. Mtego huo.

Jumanne, 7 Machi
Nimenunua unga wa basmati kilo tano, bakala, Waarabu ndivyo waitavyo duka la vyakula, karibu na kambi yetu ya wafanyakazi, Industrial Area. Mchele ni mchele. Dominiko, mlinzi ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa kapitiwa na usingizi. Nikakanda kwa mkono mmoja, mwingine ukibonyeza sikio lake. Kaamka, kauliza nina nini. Nikamjibu napima. Kahamia kitanda cha mlangoni.

Alhamisi, 9 Machi
Mtihani. Niliongeza hamira ili dango zangu zizishinde za Nyaboke kwa ukubwa. Zilizama zote kumi na mbili. Nilipofunua sufuria, uji. Mori kakoroga, kainamisha kichwa kwa heshima, kaenda zake. Za Nyaboke zilielea, zikang'aa. Kapewa meza. Sufuria la uji nimeosha mimi. Imeniuma sana, sitaki kujidanganya.

Ijumaa, 10 Machi
Nyaboke kaniletea kijiti cha dango. Tamu, kwa bahati mbaya. Kasema mwezi ujao atahitaji msaidizi na kaniombea kwa Mori nijaribiwe tena. Kanipa na pakiti ya ule unga unaonata. Wema wa namna hii una jambo. Pakiti nimeisukuma chini ya kitanda.

Kosa nimeligundua: sikio. Dominiko anasimama juani kutwa, ndewe imekauka kama soli. Basmati imebaki kilo nne. Kesho naanza na sikio la Mori.