Nusu Kiti Sitaki

Jumatatu, 3 Juni
Kiti cha mkuu wa sayansi shuleni kwetu kiko wazi! Ijumaa mimi na mwalimu wa biolojia tutafundisha somo moja moja mbele ya mwalimu mkuu, atakayeng'ara atakikalia. Na mpinzani mwenyewe nani? Mama Vyura! Mimi wa kemia nina sikloheksini: pete ya kaboni sita yenye bondi maradufu moja. Nitaijenga kubwa kama gurudumu la baiskeli. Kitabuni imechorwa bapa. Basi itakuwa bapa.

Jumanne, 4 Juni
Kaboni: mipira ya tenisi. Bondi: fimbo ya pazia la sebuleni, nimeikata vipande. Mke wangu akauliza pazia litaning'inia wapi. Nikamjibu sayansi haina pazia. Akasema basi na chakula cha leo hakina mpishi.
Pete kaidi! Matundu nimeyatoboa kwa pembe sahihi, bado inajikunja. Nimeikalia.

Jumatano, 5 Juni
Mama Vyura kapita maabara. Akaitazama pete, akacheka, akaniambia, kaka, usijitese, hiyo ni nusu kiti. Nusu kiti! Yaani keshapanga tugawane cheo! Nikaenda kufoka ofisini: sigawani na mtu, kizima au basi! Mwalimu mkuu akashangaa, akasema wazo hilo halijawahi kumjia. Nikamwonya lisimjie.

Ijumaa, 7 Juni
Nilianza vizuri. Nikatia sikloheksini kwenye maji ya bromini: rangi ya chungwa ikatoweka papo hapo, maana bondi maradufu huidaka bromini. Wanafunzi wakashangilia! Nikainua pete, niliyoibana kwa kamba hadi ikanyooka. Nikatangaza: bapa! Kamba ikakatika. Kaboni moja ikamwaga chai ya mwalimu mkuu mapajani mwake.
Mama Vyura akaeleza kutoka nyuma, kwa upole wa kukera, kwamba bapa ni upande wa bondi maradufu tu. Kaboni mbili za upande wa pili hujipinda, moja juu, moja chini. Umbo hilo wanakemia huliita nusu kiti.
Kumbe!
Kiti kapewa yeye. Mwalimu mkuu kasema alikuwa ameanza kulipenda wazo la kugawana, ila nililikataa kwa sauti iliyofika getini.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetafakari kwa unyenyekevu. Kosa lilikuwa la kamba.
Bosi mpya kaniagiza nijenge benzini, pete nyingine ya kaboni sita. Anadai hii ni bapa kweli, eti elektroni zake zimetandaa sawasawa pete nzima. Anadai! Mwanamke yule yule! Hanipati mara mbili. Nimeshaanza kuipinda.