Koleo Iliyoanguka Toka Mbinguni

Jumatatu, 3 Novemba
Mtaa wetu wa Troyeville nzima wanaisimulia vibaya habari ya koleo yangu ya kushikia chuma cha moto. Eti niliinunua dukani Fordsburg! Wivu tu. Ilianguka toka mbinguni. Nina shahidi: Mama Danica, yule mzee Mserbia niliyemtengenezea vyuma vya dirisha. Aliiona, akacheka, akanipa habari za kwao. Zamani walikuwa na mungu wa anga, Svarog, fundi chuma kama mimi! Koleo ikaanguka toka juu, watu ndio wakajua kufua chuma. Mungu fundi! Na miaka yote hii hakuna aliyeniambia!

Jumanne, 4 Novemba
Kanisa letu linataka geti. Tunaoigombea kazi tuko wawili: mimi na Ruphin, fundi wa juzi, mashine kubwa, mdomo mkubwa. Marthe, bibi yangu wa ndoa, amesema nikiikosa hii geti, naenda kulinda magari kwenye parking. Mimi! Nikakimbia kwa Pasta Hénock, nikamweleza koleo yangu imetoka kwa Svarog mwenyewe. Macho yalimtoka. Akaniuliza: Papa François, huyo Svarog anasali kanisa gani?

Alhamisi, 6 Novemba
Eish! Wamama wa maombi wamevamia karakana yangu. Tangu asubuhi wanafukuza pepo ndani ya koleo. Mama Jocelyne aliishika kwa kitambaa, kama nyoka. Wakaimwagia mafuta ya upako, chupa nzima! Ruphin mlangoni anaitika Amina kuliko wote. Mshenzi. Mwishoni Pasta akasema koleo imeokoka. Jumamosi kila fundi afue ncha moja ya kukaa juu ya geti, mbele ya kanisa, atakayeshinda apewe kazi.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimekwisha! Yale mafuta sikuyafuta. Nani anafuta upako? Chuma ikawa nyekundu, nikaibana, nikainyanyua juu watu waone. Ikateleza! Moto puu! Chuma ikaruka, suruali ya Pasta ikawaka! Wamama wakalia kwamba pepo amerudi na ndugu zake. Ruphin akammwagia Pasta ndoo ya maji. Akapewa geti palepale. Pasta, maji yanamtiririka, akaniambia: Papa, umsalimie Svarog.

Jumatatu, 10 Novemba
Niko parking. Kizibao cha njano cha walinzi kinanibana tumbo. Dereva wa kwanza akauliza kama gari yake iko salama. Nikamwambia hii firimbi nilipewa na malaika, mwizi akiisikia anakauka kama ndakala, vile visamaki vya kuanikwa juani. Akashtuka, akafunga vioo, akaondoka! Hajui bahati. Kesho nitasema malaika wawili.

Na ile suruali ya Pasta, kusema kweli, haikuungua. Iliyoungua ilikuwa soksi. Lakini habari ya soksi nani ataisikiliza?