Kunenepesha Barabara ya Juu

Jumatatu, 6 Mei. Ukungu mzito tangu alfajiri, jua kidogo saa nne, kisha manyunyu.

Habari kubwa! Chama cha waendesha baiskeli kitachora njia rasmi ya changarawe kupitia msitu wetu. Watu watatoka mijini na baiskeli zenye matairi manene, watapanda milima kwa hiari yao bila kufukuzwa na mtu, kisha watasikia njaa. Hiyo njaa ndiyo ninayoitaka.

Tatizo ni moja. Ukishapita kiwanda cha mbao, barabara inagawanyika. Ya juu inapita mlangoni pa mgahawa wangu. Ya chini inapita mlangoni pa mgahawa wa wifi yangu, dada yake mume wangu. Zinakutana tena ng'ambo ya mlima. Mpimaji wa njia, dada mmoja mkakamavu mwenye miguu kama ya swala, atachagua moja tu.

Mume wangu, mlinzi wa msitu, amesema kwa upole (akisema kwa upole najua ameshaamua) kwamba nisipopata wateja kufikia mwisho wa mwezi, chumba cha mgahawa kitakuwa stoo ya mizinga yake ya nyuki, nami nitaenda kumsaidia wifi jikoni. Wifi ameshanishonea aproni. Hakunipima. Amekisia kiuno changu, tena kwa ukarimu uliopita kiasi.

Mimi kuosha vyombo vya wifi? Labda nife kwanza.

Jumanne, 7 Mei. Baridi. Hakuna mvua.

Mpango wa kwanza. Pale njia panda kuna kibao cha mshale kinachoelekeza magari chini. Nimekigeuza kielekeze juu. Dakika tano, bisibisi moja, hakuna aliyeniona. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Saa tatu lori la magogo likaingia uani kwangu.

Dereva mgeni! Amefuata mshale kama mtoto mtiifu. Magogo yalikuwa marefu kuliko uwanja wangu, hivyo kugeuza haikuwezekana. Alijaribu kwa nyuma, akaulaza ua wangu wa maua, akang'oa kamba ya nguo, akakwama akiwa ameziba barabara nzima kama kizibo. Aliniuliza, mama, ni mwendawazimu gani aliyeweka kile kibao? Nikamwambia hata mimi nashangaa, siku hizi watu hawana utu.

Mpimaji alikuja mchana kuikagua barabara ya juu. Akakuta lori. Akageuza baiskeli, akaenda chini.

Dereva na utingo walishinda hapa mpaka jioni, wateja wawili kamili mlangoni kwangu, ila hawakununua kitu. Wifi alipanda mlima kwa miguu na birika la chai na keki, akawauzia mbele ya macho yangu. Akanipa pole. Akasema, wifi yangu, angalau leo umepata msongamano.

Alhamisi, 9 Mei. Jua safi.

Mpimaji amefika hatimaye. Nimempa chai bure na kumdodosa bila yeye kujua. Anasema wao hawaamui kwa macho tu. Kila mwendesha baiskeli ana programu ya simu inayochora mstari pale anapopita. Wengi wakipita, au mmoja akipita mara nyingi, mstari unanenepa kwenye ramani. Mstari mnene ndio wanaouamini, maana hao ni watu wanaoijua njia kwa matako yao.

Nikauliza kama programu inajua ni nani anayeendesha. Akasema, hapana mama, inajua jina tu ambalo mtu amejipa.

Ewaa!

Hajafika hata getini, mimi nimeshajisajili. Jina langu: Malkia wa Mlima. Kuanzia kesho nainenepesha barabara ya juu mpaka ishindwe kupumua.

Jumamosi, 11 Mei. Manyunyu. Maumivu.

Nimechukua baiskeli ya zamani ya mume wangu, ile ya chuma iliyo nzito kama jeneza. Kupanda nilisukuma. Kushuka ndiko nilikoendesha, kama ule unaitwa uendeshaji. Breki za nyuma hazipo. Za mbele zipo kwa jina. Kwenye kona ya misonobari sketi ikaingia kwenye mnyororo, changarawe ikateleza chini yangu, nikatua mtaroni.

Nani anapita? Wifi. Akasimama, akaniangalia kwa raha zake, kisha akaniuliza ninatafuta nini humo ndani. Nikasema nakagua mtaro, maji hayaendi vizuri. Akasema ahaa, basi nikimaliza nikague na wa kwake.

Goti limevimba. Programu inasema nimekwenda kilomita moja na nusu. Kwa mwendo huu mstari wangu utanenepa mwaka kesho kutwa.

Halafu, nikiwa nimekaa na miguu ndani ya beseni la maji ya moto, wazo! Babu Maziwa! Mzee huyu hupeleka maziwa ng'ambo ya mlima kila siku kwa baiskeli, madumu mawili ubavuni, na kila asubuhi husimama getini kwangu kuchukua ya ng'ombe wetu. Nitamtumbukizia simu kwenye mkoba wa keria. Yeye akanyage, mimi ninenepeshe.

Jumatatu, 13 Mei. Ukungu, kisha jua.

Nimemwambia Babu Maziwa kuwa simu inampimia mume wangu baridi ya msituni, ni siri ya kiserikali. Nimemkatia kipande cha keki. Akauliza kama baridi itapimwa kila siku. Nikasema kila siku. Akauliza kama na keki nayo ni ya kila siku. Mzee huyu si mjinga.

Nimemwangalia mpaka akapotea kwenye kona, anasukuma baiskeli juu polepole, heshima tupu. Nikaingia ndani kuonja ushindi.

Aliporudisha simu: kilomita kumi na nane! Ramani yenyewe haifunguki huku kwetu, mtandao ni wa kubahatisha, ila kilomita zinaonekana na muda pia. Yalikuwa matembezi ya kifalme.

Alhamisi, 16 Mei. Mvua ya kutosha.

Kilomita zinaongezeka kila siku. Nimegundua kwamba saa moja nzima kila safari simu imesimama mahali pamoja. Anapumzika, maskini. Mlima wetu si mchezo. Nimemwongezea ukubwa wa kipande.

Mume wangu ameuliza kwa nini simu yangu haipatikani asubuhi. Nimemwambia napumzisha akili. Amenitazama vile anavyotazama moshi wa mbali.

Nimeanza kupaka rangi viti. Vya manjano. Waendesha baiskeli hupenda manjano, nahisi.

Jumapili, 19 Mei. Jua kali, anga bila wingu. Hata anga ilinicheka.

Mpimaji ametuita sote kwa wifi kutangaza njia, eti ndiko kwenye ukumbi mkubwa. Nilikwenda nimevaa vizuri na keki mkononi. Mshindi lazima awe na adabu.

Mpimaji akatandika ramani ukutani. Akasema kazi imekuwa rahisi kuliko alivyotegemea, maana yupo mwendesha baiskeli mmoja wa hapa hapa, mwaminifu ajabu, aliyepita kila siku bila kujali mvua. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akasema kila siku alipita barabara ya chini. Nikakiinua.

Tena, akaendelea, kila siku alipumzika saa nzima hapa hapa, kwenye mgahawa huu. Hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo! Njia rasmi ni ya chini. Akauliza, jamani, nani Malkia wa Mlima, ajitokeze tumshukuru.

Mume wangu akanigeukia taratibu. Babu Maziwa alikuwa mlangoni anakula keki yangu.

Wifi ndiye aliyenimaliza. Akasimama, akanikumbatia mbele ya watu wote, akasema ni huyu wifi yangu, chai yangu ameipenda siku zote ila ni mwenye haya. Makofi! Nimevalishwa helmeti nyekundu. Nimepigwa picha nimekumbatiana na wifi, na picha itatundikwa juu ya mlango wake. Nimetajwa kuwa balozi wa njia.

Nilimvuta Babu Maziwa nyuma ya nyumba. Akanishangaa. Barabara ya juu, binti yangu, na haya madumu? Kwa magoti ya nani? Anasema akifika kwenye kona hungoja niingie ndani, hugeuza, hurudi mpaka njia panda na kushika ya chini, na kwa wifi hunywa chai, maana keki bila chai inamkaba koo.

Mume wangu hakungoja mwisho wa mwezi, mizinga imeshahamia mgahawani. Kumi na mbili. Imepangwa juu ya viti vya manjano.

Jumatatu, 20 Mei. Mawingu asubuhi, jioni baridi.

Siku ya kwanza jikoni kwa wifi. Sitaiandika.

Nimekubali yaishe. Nimejifunza kwamba hila hazilipi, na nimemwambia hivyo mume wangu, akafurahi hadi akaosha sahani yake mwenyewe.

Ila mchana mpimaji alipitia kunieleza kazi za balozi. Ni ndogo tu. Kukiwa na jambo la hatari kwenye njia, mti ulioanguka, daraja bovu, mnyama mkali, balozi hutuma taarifa kwa simu, na njia hufungwa mara moja, baiskeli zote zikaelekezwa barabara nyingine. Nikauliza, barabara nyingine ipi? Akasema, mama, si ipo moja tu, ile ya kwako.

Nimetuma taarifa saa kumi na moja. Chui. Nimeandika chui mmoja tu, sikutaka kuzidisha.

Tukiwa mezani mume wangu amepigiwa simu na mkuu wake. Ameitwa kwenda kulinda barabara ya chini mpaka asubuhi, yeye na tochi yake, kuna mnyama ameonekana karibu na kwa dada yake. Ametoka analalamika baridi. Nimempa blanketi zito, lile zuri. Mimi si mkatili.

Kesho mizinga itoke. Nalala saa tatu na nusu, usingizi wa mtoto.